Theluji ya Watu Kumi na Tisa

Binti yangu alipotimiza miaka kumi, baba yake alimuuliza anataka zawadi gani, naye hakufikiri hata kidogo. Alisema anataka kwenda kwenye theluji, na anataka twende sisi tu. Baba yake akacheka. "Sisi tu ndiyo akina nani?" Mtoto akahesabu kwa vidole: baba, mama, yeye, na mdogo wake wa miaka minne. Vidole vinne. Kisha akafumba ngumi, kuonyesha kwamba hesabu imekwisha.

Huo ulikuwa mwaka 2017, mwezi wa tano, na baridi ya Johannesburg ilikuwa imeshaanza kuuma asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu, pini mdomoni, nikajifanya naangalia pindo la sketi ya watu. Nilijua hasa anachokisema.

Nyumba yetu iko Bertrams, nyumba ya zamani yenye vyumba vitatu na baraza mbele, na siku za mechi kelele za uwanjani zinaingia mpaka jikoni. Chumba cha mbele ni cha kazi yangu ya ushonaji. Sebuleni kuna kochi linalokunjuka likawa kitanda, na tangu tulinunue sikumbuki lilipokaa wiki mbili bila kukunjuliwa. Mtu akitoka Kigoma, Dodoma, Uvira au Bujumbura, akishuka kwenye basi hana pa kufikia, kuna mwenzake atampa namba yangu. Anakuja kwa siku tatu, anakaa miezi minne. Mume wangu kwake hilo si kitu. Mama yake alikuwa mkimbizi wa siasa Tanzania, yeye alizaliwa Morogoro, akalelewa katika nyumba ambazo hujui nani atakuwa mezani asubuhi. Aliporudi kwao Afrika Kusini akiwa na miaka kumi na miwili, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko Kizulu. Kwake nyumba tupu ni nyumba iliyofiwa.

Binti yangu haoni hivyo. Akiwa darasa la pili mwalimu aliwaambia wachore familia zao. Wenzake walichora watu wanne, watano, na mbwa. Wangu alichora kumi na mmoja mpaka karatasi ikamwishia, na mimi akanichora pembezoni kabisa, mgongo tu, nimegeukia jiko. Mwalimu alinionyesha picha ile huku anatabasamu, akidhani nitafurahi. Nilitabasamu na mimi. Nilipofika kwenye gari nililia mpaka kamasi.

Sasa, msije mkadhani mimi ni mnyonge. Mdomo ninao. Mteja akinichelewesha namwambia papo hapo, na madereva wa teksi za hapa wananijua. Lakini mtu akisimama getini kwangu na begi lake, neno "hapana" silioni lilipo. Nalitafuta kweli, silioni. Nalikuta midomoni mwa watu wengine tu.

Kwa hiyo jioni ile niliapa moyoni kwamba safari hii itakuwa ya vidole vinne. Jumamosi tukakaa mezani, wanne sisi, tukapanga. Jamani, raha! Binti alikuwa ameshatafuta kila kitu kwenye simu ya baba yake. Alichagua mlima wa Lesotho, nusu siku tu kwa gari, wenye mteremko mdogo wa wanaoanza na mkanda unaopandisha watoto juu taratibu. Alijua kwamba watoto wa miaka minne wana darasa lao. Alijua kwamba viatu vyenyewe na zile ski, mbao ndefu za kuvaa miguuni, vinaazimwa huko huko, lakini lazima upeleke vipimo. Akatusimamisha wote kwenye karatasi za mifuko ya saruji, akachora nyayo zetu kwa penseli. Wa mwisho alikuwa mdogo wake, aliyekuwa anatekenyeka na kucheka, wayo wake ukatoka kama kiazi.

"Na tujipake mafuta ya jua," akasema.

"Kwenye barafu?" baba yake akauliza.

"Theluji inarudisha jua usoni. Hata sisi tunaungua."

Baba yake akanitazama, nami nikamtazama. Huyu mtoto alikuwa amesoma kweli.

Ilibaki kazi moja tu: kunyamaza. Nikashindwa.

Wiki mbili baadaye mama mchungaji alikuja kupima gauni. Huyu ni mke wa mchungaji wa kanisa dogo tunalosali, mwanamke wa Uvira, mwenye mwili na kicheko chake, na kwa kweli ndiye rafiki yangu mkubwa hapa mjini. Nilikuwa nimepiga magoti na futi, nampima urefu. Nikamwambia, "Hili nikupe kabla ya mwezi wa saba, maana wiki ya kwanza ya likizo sitakuwepo. Tunawapeleka watoto kwenye theluji." Halafu, bila hata kufikiri, nikamalizia: "Karibuni."

Kwetu mtu akila, mwenzake akipita, anamwambia karibu. Na anayepita anasema asante, nimetoka kula sasa hivi, hata kama hajala tangu jana. Ndivyo tulivyolelewa. Hiyo karibu si mwaliko, ni adabu. Ukishasema umemaliza kazi yako, na mwenzako naye anajua ya kwake.

Mama mchungaji akapiga makofi, pini zikamwagika. "Aksanti sana, mama! Miye nilikuwa naomba Mungu juu ya hii vacances, hii likizo. Batoto hawajatoka Joburg hata siku moja!"

Nilibaki chini pale na futi yangu shingoni. Nilisema, "Haya, mpenzi. Itakuwa vizuri."

Kufika Jumapili, kanisa zima lilikuwa linajua. Kwa bahati mbaya na shemeji alijua. Shemeji ni mdogo wake mume wangu, anakaa mtaa wa Observatory, na hakuna kitu anachokipenda duniani kama kikao. Alitusaidia kwenye harusi ya mtu mmoja, akawa mwenyekiti wa kamati, na tangu siku hiyo hata nyama ya kuchoma kwake haichomwi bila ajenda. Baada ya ibada akawaleta watu wote nyumbani kwetu. Tukafungua kwa sala. Ajenda ya kwanza, utambulisho. Tunajuana miaka kumi, lakini tukajitambulisha.

Kisha wakahesabu wasafiri. Sisi wanne. Shemeji, mkewe na wanawe wawili. Mchungaji na mkewe na watoto watatu. Mtu na mke wake kutoka Kigoma, waliokuwa wanalala kwenye kochi letu wakati ule. Jirani yetu Mkenya na wanawe wawili. Na mama mkwe wangu, aliyesema theluji aliiona Moscow miaka ya themanini, haina lolote, ila lazima aje kuhakikisha wajukuu wake hawafi. Kumi na tisa. Aliyewahi kuvaa ski kati yao: hakuna.

Wakampa binti yangu ukatibu, kwa sababu ana mwandiko mzuri. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango na daftari lake la shule, anaandika. Sikuthubutu kumtazama.

Ajenda ya pili, mahali. Shemeji akaeleza kuhusu mlima wa Lesotho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina ya wazazi wote wawili, maana mpakani siku hizo walikuwa wakali. Hapo mchungaji akakohoa. Ni mtu mpole sana. Akasema wao wana karatasi za ukimbizi, kila wakizipeleka zinaongezewa muda, na kwa karatasi zile hawavuki mpaka wowote. "Nyinyi muende tu," akasema. "Siye tutabaki, hakuna shida." Watoto wake watatu walikuwa wamekaa chini kwenye zulia. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Nani angesema nendeni salama? Kukatafutwa mlima mwingine, wa ndani ya nchi, kule Eastern Cape, mbali karibu mara mbili, barabara ya mawe mwishoni. Kikao kikapitisha kwa kauli moja. Katibu akaandika, na nikamwona anasimama kidogo, anabana midomo, anaendelea. Ule mlima wake na mkanda wake ulikuwa umekwenda, na hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Ndicho kilichoniuma zaidi.

Ajenda ya tatu, majukumu. Chakula, mimi. Suruali za theluji, mimi tena, kwani fundi si tunaye? Dawa za watoto, mimi. Mablanketi, mimi na mama mchungaji. Muziki, shemeji. Kwenye muziki wakapiga makofi.

Walipoondoka nilikuwa naosha vikombe. Binti akaja na daftari lake.

"Mama, wewe utateleza saa ngapi?"

"Nitapata nafasi."

"Saa ngapi?"

"We mtoto, nimesema nitapata nafasi."

Akalifungua daftari pale juu ya sinki, akapitisha kidole. Siku ya kwanza: asubuhi chai, mama. Mchana wali, mama. Jioni ugali na nyama, mama. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. "Hakuna nafasi," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia duka limefungwa. Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo, "Mimi sikutaka theluji sana. Nilitaka uwepo."

Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya sabuni, nikaiacha humo humo. Nikamwambia, "Asubuhi ya kwanza kule mlimani, saa tatu. Mimi na wewe. Dunia ipinduke."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Alinitazama kidogo, akaenda kulala. Hakuruka, hakunikumbatia. Alikuwa ameshaahidiwa mengi na mimi.

Usiku ule ule nilimwambia mume wangu awaambie watu hawaendi. "Waambie wewe," akasema. "Aliyesema karibuni ni nani?" Nikamtupia mto.

Basi nikashona. Kuna duka la vitambaa mjini ambako nilipata kitambaa cha koti la mvua, cheusi, kinang'aa, maji hayapiti hata kidogo. Ndani nikaweka kitambaa kizito cha manyoya. Nilijivunia suruali zile! Zilikuwa na mifuko, zipu, mikanda ya begani, na kila ya mtoto nilitia utepe wa rangi yake. Ukitembea zinalia shwa shwa shwa. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza lifti za maghorofa na hawezi kukiamini kitu mpaka akijaribu, alivaa yake akakaa kwenye beseni la kuogea lililojaa maji, akatulia na kikombe cha chai mkononi. Dakika ishirini. Akainuka mkavu. "Mke wangu," akasema, "hii ni hatari." Hakuna aliyefikiri kujaribu kuanguka nazo.

Mazoezi tulifanyia kwenye mlima wa nyuma ya nyumba ya shemeji, pale Observatory, penye nyasi kavu za baridi. Watoto waliteleza kwa maboksi. Shemeji alisimama juu na simu yake, anatusomea maelekezo: kunja magoti, egemea mbele, usitazame miguu. Mama mchungaji alishuka mara moja tu, kwa kitako, anamwita Yesu njia nzima, na kufika chini akasema, "Tena!" Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nasema hivi ili muelewe kwamba sikuwachukia. Nawapenda watu hawa. Hapo ndipo shida ilipokuwa.

Tukaondoka mapema sana, alfajiri ya Jumatatu, kwa basi dogo la kanisa. Masufuria matatu makubwa, mtungi wa gesi, kilo ishirini za unga, gunia la viazi, maandazi ndoo mbili. Watoto wawili walitapika kabla ya jimbo la Free State kuisha. Mchana barabara ikawa ya mawe, basi likashindwa, tukapandishwa kwa magari ya wenye mlima, mafungu mafungu, masufuria yakiwa na gari lao peke yao.

Nami nilikuwa nimetarajia mlima mweupe. Mlima ulikuwa wa kahawia kuanzia juu mpaka chini, na katikati yake ukanda mmoja mweupe ulionyooka, uliotengenezwa na mashine. Mama mkwe akatoka garini, akaweka mikono kiunoni. "Hii nayo ni theluji?" Watoto walikuwa wameshakimbia. Waliila, walijitupa ndani, waliitia mifukoni. Mwanangu mdogo alichukua donge akaniletea nimtunzie mpaka tutakaporudi Joburg. Binti yangu alisimama akaitazama kwa muda mrefu, akavua glavu, akaigusa kwa kidole. Akageuka kunitafuta. Nikampungia mkono kutoka dirisha la jikoni la nyumba tuliyopanga, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuosha mchele.

Asubuhi yake niliamka saa kumi na moja. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: nikiwasha jiko mapema, saa mbili na nusu nimemaliza. Chai ya watu kumi na tisa, mayai, mkate, uji wa wadogo. Ningemaliza kweli, ila shemeji akasema harufu ya hewa ya mlimani inamkumbusha chapati. Sijui mlima gani huo unaonuka chapati. Na mimi, mwanamke mzima, mwenye akili zangu, nikatia unga kwenye beseni.

Saa mbili na nusu binti yangu alikuwa tayari nje, suruali shwa shwa, kofia, miwani ya jua ya baba yake. Baba yake alikuwa amempeleka mdogo kwenye darasa la wadogo. Nikamwona kupitia kioo, amekaa kwenye benchi na viatu vile vizito, amezisimamisha ski ukutani. Mbili zake, na mbili kando. Alikuwa ameniazimia za kwangu.

Saa tatu kasorobo nikasukuma chapati ya kumi na nne. Saa tatu nikasema bado sita tu. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, wanachukua, wanasifia, shemeji amefungulia muziki. Saa tatu na robo mlango ukafunguka, akaingia. Hakuniuliza saa. Alivua glavu zake, akaziweka dirishani, akanawa mikono, akachukua kisu akaanza kupaka siagi kwenye mikate ya watoto, haraka haraka, ili nimalize mapema.

Nilimwangalia. Kofia bado kichwani. Kipande kimoja, cha pili, cha tatu, anavipanga vizuri kwenye sahani jinsi nilivyomfundisha mimi mwenyewe.

Hasira iliyonipanda sijawahi kuiona. Si juu ya shemeji, si juu ya mtu. Nilijiona. Nilimwona huyu mtoto akiwa na miaka arobaini, yuko mahali, amegeukia jiko, na wanawe wanamsubiri nje. Nikazima gesi na chapati iko nusu, upande mmoja mbichi.

"Acha kisu," nikamwambia. Akaacha, ameshtuka.

Mama mchungaji alikuwa anaingia na kikombe chake. Nikafungua aproni. Nikamwambia, "Mama, mimi natoka. Sipiki tena leo."

"Hata wali ya mchana?"

"Hapana."

Neno lilitoka. Nikasubiri sijui nini, labda paa lianguke. Alinitazama, akamtazama binti yangu na kofia yake, akazitazama zile glavu dirishani. Ni mama naye. Akaweka kikombe chini.

"Kumbe ni hilo tu?" akasema. "Si ungesema! Tangu Joburg miye niko nafikiri wewe unapenda kupika, unatufukuza jikoni. Leta aproni."

Miaka yote ile. Nilimpa aproni nikiwa nimepigwa na butwaa, na sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nilitafuta soksi zangu.

Darasa la wanaoanza lilikuwa limeshaanza. Mwalimu alikuwa kijana mchangamfu, akatuweka mwishoni mwa mstari pamoja na watoto wa miaka sita. Alitufundisha kupunguza mwendo kwa kuzikutanisha ncha za ski mbele na kutanua visigino nyuma. Tengeneza pizza, anasema. Ukitaka kwenda kasi zinyooshe, ziwe chipsi. Nikamwambia binti, "Nimekimbia chakula kule, nimekikuta huku." Akacheka. Kile kicheko chake cha utotoni, ambacho nilikuwa sijakisikia kitambo.

Kisha nikaanguka, na hapo ndipo tulipoijua kazi yangu ya ushonaji. Wengine wakianguka wanakaa pale pale, wanapangusa theluji, wanainuka. Mimi nilipoketi chini, kile kitambaa changu kizuri kisichopitisha maji kilianza safari. Nilikwenda. Nikashika theluji kwa mikono yote miwili, nikaenda nayo. Nilimpita mwalimu, nikawapita watoto wa miaka sita, nikampita shemeji aliyekuwa amekwama na ski zimepishana, na yeye kwa kunishangaa akaanguka, suruali yake nayo ni ya fundi yule yule, akaja nyuma yangu. "Fundi!" anapiga kelele. "Fundi, umetuua!" Tulisimamishwa na wavu wa chini.

Shemeji alijiinua, akajikongoja kwenda nyumbani akisema hiyo inatosha kwa leo, anakwenda kula. Nilibaki nimelala chali, natazama mbingu ya buluu isiyo na hata wingu moja. Kila mahali paliniuma. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje. Kutoka juu nikamsikia binti yangu anashuka, pizza yake imetanuka vizuri, anajiambia taratibu, taratibu. Akasimama kando yangu bila kuanguka. Akajishusha, akalala na yeye chali, bega lake kwenye bega langu.

Kule juu kwenye baraza la nyumba, mlango ukafunguliwa. Shemeji alikuwa ameshafika. Akaweka mikono mdomoni, akaita kwa nguvu zake zote, mlima mzima ukasikia:

"Shemeji! Chumvi umeweka wapi?"

Nilijua ilipo. Ilikuwa kwenye ndoo tupu ya maandazi, chini ya taulo, nyuma ya unga. Nikainua kichwa, nikavuta pumzi nimjibu. Binti yangu akaweka mkono juu ya mdomo wangu. Hakubonyeza. Aliuweka tu, na glavu yake, na macho yake bado yanatazama juu.

Shemeji akaita tena. Akaita mara ya tatu. Kisha mlango ukafungwa. Glavu ilikuwa imelowa, ya baridi mpaka meno yakaniuma, na sikutaka aiondoe.